Ajali za mashine kazini: haki za mfanyakazi, wajibu wa mwajiri na hatua za kufuata

Mfanyakazi anapojeruhiwa na mashine, tukio lenyewe humalizika kwa kufumba na kufumbua. Yanayofuata huchukua miezi, na kwa baadhi ya familia huchukua maisha yote: matibabu, kipato kilichokatika, tathmini ya ulemavu, fidia, na swali la iwapo aliyeumia atarudi kazini. Tanzania Bara ina sheria zinazojibu kila moja ya mambo hayo. Hata hivyo, haki nyingi huanza kupotea katika siku za mwanzo, pale ajali inapofichwa, taarifa inapocheleweshwa, au mwajiri na mfanyakazi wanapokubaliana kulimaliza jambo kimyakimya kwa fedha kidogo.

Makala haya yanaeleza namna ajali za mashine zinavyotokea, wajibu uliowekwa na sheria kabla na baada ya ajali, mafao yanayotolewa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na njia ya kufuata kwa mfanyakazi, mwajiri na familia. Sheria zinazotajwa hapa zinahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za usalama kazini na za fidia.

Namna mashine inavyojeruhi

Mashine zenye kuhatarisha viungo vya mwili zipo katika kila ukanda wa nchi. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro hutumia korona kuchakata majani. Kanda ya Ziwa ina vinu vya kuchambua pamba. Mafinga na Njombe kuna misumeno ya kupasua mbao. Kilombero na Mtibwa kuna viwanda vya sukari. Katika mitaa ya miji na vijiji karibu vyote kuna mashine za kusaga na kukoboa nafaka, karakana za kuchomelea vyuma na viwanda vidogo vya plastiki na matofali.

Pamoja na tofauti zake, mashine hizi hujeruhi kwa njia chache zinazofanana. Ya kwanza ni kunasa: mkanda unapokutana na puli, rola mbili zinapozunguka kuelekeana, au meno ya giya yanapoumana, chochote kinachofika hapo huvutwa ndani. Ya pili ni kukata, kama ilivyo kwa msumeno wa mviringo na visu vya korona. Ya tatu ni kubana na kuponda, kama katika mashine za kubana karatasi, chuma au plastiki. Ya nne ni kurusha, pale jiwe la grainda linapopasuka au kipande cha ubao kinaporudishwa na msumeno kwa nguvu.

Kasi ndiyo inayofanya tahadhari ya macho peke yake isitoshe. Mota ya kawaida ya umeme inayozunguka mara 1,450 kwa dakika huzunguka takriban mara 24 kwa sekunde moja. Binadamu huhitaji karibu robo ya sekunde ili kugutuka na kuanza kuondoa mkono. Katika muda huo, shafti iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota hiyo huwa imezunguka mara sita. Ncha ya shati, kanga, nywele ndefu au glavu iliyolegea ikishanaswa, mwenye nayo huwa amekwisha kuvutwa kabla hajajua kilichotokea. Ndiyo maana sheria na taaluma ya usalama hazitegemei umakini wa mfanyakazi pekee, bali hutaka mashine yenyewe izuiwe isifikiwe na mwili wa mtu.

Saa zenye hatari kubwa mara nyingi si zile za uzalishaji wa kawaida. Ni pale mashine inapokwama na mtu anaingiza mkono kuondoa uchafu, inapopakwa mafuta au kusafishwa ikiwa inazunguka, inapofanyiwa matengenezo huku mwingine akiiwasha bila kujua, au kinga inapoondolewa ili kazi iende haraka na kisha isirudishwe.

Wajibu wa mwajiri kabla ya ajali

Msingi wa usalama kazini ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950. Utekelezaji wake unasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria hiyo haihusu viwanda vikubwa peke yake. Mahali pa kazi ni mahali pa kazi, hata kama ni chumba kimoja chenye mashine moja ya kusaga unga na wafanyakazi wawili.

Mwajiri anatakiwa kusajili mahali pa kazi OSHA, kufanya tathmini ya vihatarishi, kutoa mafunzo kwa wafanyakazi kabla ya kuwakabidhi mashine, kutoa vifaa kinga bila kuwatoza gharama, na kuhakikisha wafanyakazi wanapimwa afya zao. Kwa upande wa mashine, sehemu zote zinazozunguka, kukata au kubana zinapaswa kuwekewa kinga imara, na kinga hiyo idumishwe mahali pake wakati wote mashine inapofanya kazi. Mitambo ya kunyanyulia mizigo, boila na matangi ya hewa yenye mgandamizo hukaguliwa na wataalamu kwa vipindi maalumu.

Kwa lugha ya karakana, mahitaji hayo yanaweza kufupishwa hivi:

Kwanza, mkanda, puli, giya na shafti vifunikwe kwa wavu au bati lililofungwa kwa boliti, lisiloweza kuondolewa kwa mkono mtupu.

Pili, swichi ya kuzima ya dharura iwe mahali ambapo mwendeshaji anaifikia bila kuhama aliposimama.

Tatu, kabla ya kusafisha au kutengeneza, umeme ukatwe kwenye chanzo, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ubaki mfukoni mwa yule anayefanya matengenezo. Kibandiko kinachoonya watu wasiwashe mashine husaidia, lakini hakichukui nafasi ya kufuli.

Nne, sehemu ya kuingizia malighafi iwe na mdomo mrefu wa kutosha ili mkono usifike kwenye visu au rola, na kuwe na kijiti maalumu cha kusukumia.

Tano, glavu zisivaliwe kwenye mashine za kutoboa na nyingine zinazozunguka ambako zinaweza kunaswa. Kifaa kinga kinachofaa kazi moja kinaweza kuwa hatari katika kazi nyingine.

Wakaguzi wa OSHA wana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kutoa amri ya kurekebisha kasoro ndani ya muda maalumu, na kusimamisha matumizi ya mashine au eneo lenye hatari ya dhahiri. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtoto mwenye umri wa chini ya miaka 18 kuajiriwa migodini, viwandani au mahali pengine penye mazingira hatarishi. Mwajiri anayemweka kijana wa umri huo kwenye mashine anavunja sheria hata kama hakuna ajali iliyotokea.

Wajibu wa mfanyakazi

Sheria inampa mfanyakazi wajibu pia. Anatakiwa kulinda usalama wake na wa wenzake, kutumia vifaa kinga alivyopewa, kufuata maelekezo halali ya usalama, na kutoa taarifa mapema anapoona kasoro. Kuondoa kinga ya mashine kwa makusudi au kuchezea kifaa cha usalama ni kosa.

Palipo na wawakilishi wa usalama na afya, hao ndio njia ya kwanza ya kufikisha malalamiko kwa uongozi. Kasoro iliyoripotiwa kwa maandishi ina uzito zaidi kuliko iliyosemwa kwa mdomo: inamsaidia mwajiri kuirekebisha, na ikitokea ajali inasaidia kuonyesha ukweli wa mambo.

Saa za mwanzo baada ya ajali

Mashine izimwe na umeme ukatwe kabla ya mtu yeyote kumgusa aliyenaswa. Kumvuta kwa nguvu au kuirudisha mashine nyuma kwa kubahatisha kunaweza kuongeza jeraha. Pale ambapo kiungo kimeshikwa ndani ya rola au giya, fundi anayeifahamu mashine aifungue.

Damu inayotoka kwa wingi izuiwe kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na kiungo kiinuliwe juu ikiwezekana. Kidole au kiungo kilichokatika kisitupwe wala kisiwekwe moja kwa moja kwenye barafu au ndani ya maji. Kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye barafu. Kisha kipelekwe hospitali pamoja na majeruhi, kwani daktari ndiye atakayeamua kama kinaweza kurudishiwa. Majeruhi asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji.

Wanaompokea hospitali waelezwe wazi kwamba jeraha limetokea kazini, na maelezo hayo yaandikwe katika kumbukumbu za matibabu. Maneno hayo machache huja kuwa na thamani kubwa baadaye. Majeruhi aliyeandikwa kuwa “ameanguka nyumbani” kwa ombi la msimamizi aliyetaka kuepuka maswali hujikuta akipambana na karatasi yake mwenyewe anapodai fidia.

Eneo la ajali liachwe kama lilivyo kadiri inavyowezekana, isipokuwa pale inapohitajika kuokoa maisha au kuzuia hatari nyingine. Majina ya walioshuhudia yaandikwe siku hiyohiyo.

Taarifa mbili kwa taasisi mbili

Baadhi ya waajiri hudhani kwamba wakishatoa taarifa kwa taasisi moja, kazi imekwisha. Sheria zinazohusika ni mbili, na kila moja ina lengo lake.

Taarifa kwa OSHA inahusu usalama. Inawezesha mkaguzi kuchunguza chanzo cha ajali, kuagiza marekebisho na, pale panapostahili, kuchukua hatua za kisheria dhidi ya aliyekiuka masharti. Taarifa hiyo hutolewa bila kuchelewa, hasa kwa ajali iliyosababisha kifo au jeraha kubwa.

Taarifa kwa WCF inahusu fidia. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008, mfanyakazi humjulisha mwajiri kuhusu ajali mapema iwezekanavyo, naye mwajiri hutakiwa kuujulisha Mfuko ndani ya siku saba baada ya kupata habari hiyo kwa njia yoyote ile. Madai ya fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12.

Maneno “kwa njia yoyote” yana maana yake. Mwajiri aliyesikia kutoka kwa msimamizi wa zamu, au aliyeshuhudia mwenyewe, hawezi kujitetea kwamba mfanyakazi hakumwandikia barua. Kwa upande wake, mfanyakazi au familia yake isikae kusubiri. Ikionekana kwamba mwajiri hataki kutoa taarifa, mfanyakazi, ndugu yake au chama cha wafanyakazi wanaweza kwenda ofisi ya WCF wenyewe na kueleza kilichotokea.

Kutoka fidia ya shilingi 108,000

Umuhimu wa mfumo wa sasa hueleweka vizuri zaidi ukilinganishwa na uliotangulia. Sheria ya zamani ya fidia, iliyorithiwa tangu enzi za ukoloni, iliweka viwango vya fedha ambavyo havikupanda pamoja na gharama za maisha. Hadi mfumo huo unafikia mwisho, kiwango cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Zaidi ya hapo, mzigo ulikuwa juu ya mwajiri mmoja mmoja: aliyefilisika, aliyehama au aliyekataa kulipa alimwacha mfanyakazi bila kitu.

Sheria ya mwaka 2008 iliubadilisha msingi wa jambo hili kwa kuanzisha Mfuko mmoja unaochangiwa na waajiri wote. WCF ilianza kazi Julai 2015, na ilianza kupokea na kulipa madai ya fidia Julai 2016. Viwango vya fidia sasa hufuata mshahara wa mfanyakazi na ukubwa wa madhara aliyopata.

Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi chochote katika mshahara wake kwa ajili ya WCF, na makato ya aina hiyo yakionekana kwenye hati ya mshahara yanapaswa kuhojiwa. Mwanzoni sekta binafsi ilichangia asilimia 1 ya jumla ya mishahara huku sekta ya umma ikichangia asilimia 0.5. Kiwango cha sekta binafsi kilishushwa hadi asilimia 0.6 na baadaye asilimia 0.5. Kwa kiwango hicho, mwajiri ambaye jumla ya mishahara anayolipa kwa mwezi ni shilingi milioni 20 huchangia shilingi 100,000. Ni kiasi kidogo kikilinganishwa na gharama ya upasuaji mmoja wa mkono.

Mafao saba ya Mfuko

Sheria inatoa mafao ya aina saba kwa mfanyakazi aliyeumia, kuugua au kufariki kutokana na kazi.

La kwanza ni huduma ya matibabu. Mfuko hugharamia matibabu yanayotokana na jeraha la kazini.

La pili ni fidia ya ulemavu wa muda. Hii humlinda mfanyakazi anapokuwa hawezi kufanya kazi wakati wa matibabu na kupona. Kiwango chake ni asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa mfano, anayelipwa shilingi 900,000 kwa mwezi hupata shilingi 630,000 kwa mwezi katika kipindi hicho.

La tatu ni fidia ya ulemavu wa kudumu. Baada ya jeraha kutulia, daktari aliyepata mafunzo ya tathmini hupima kiasi cha ulemavu kwa asilimia. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi asilimia 30, mfanyakazi hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa sababu hiyo tathmini ni hatua nzito: ndiyo inayoamua kama mtu atapokea fedha mara moja au atapata kipato cha kudumu.

La nne ni malipo kwa anayemhudumia mgonjwa, pale ambapo mfanyakazi ameumia kiasi cha kutoweza kula, kuoga au kujisaidia bila msaada wa mtu mwingine.

La tano ni huduma ya utengamao. Lengo lake ni kumrejesha mfanyakazi katika kazi na maisha ya kawaida, ikiwemo mazoezi ya viungo, viungo bandia, ushauri nasaha na mafunzo ya stadi mpya.

La sita ni msaada wa mazishi, na la saba ni malipo kwa wategemezi wa mfanyakazi aliyefariki, wakiwemo mjane au mgane na watoto.

Haki isiyotegemea kumtafuta mkosaji

Sifa kuu ya mfumo huu ni kwamba mfanyakazi hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri ili alipwe. Inatosha kuonyesha kwamba ni mfanyakazi, kwamba ameumia, na kwamba jeraha limetokana na kazi yake na limetokea akiwa katika kazi hiyo. Uzembe wa kawaida wa mfanyakazi mwenyewe, kama kusahau au kukosea hatua, haumfutii haki.

Kuna mpaka, hata hivyo. Jeraha lililotokana na utovu mkubwa wa nidhamu wa makusudi linaweza kumnyima mfanyakazi fidia, isipokuwa pale ajali ilipoleta ulemavu mkubwa, au ilipoleta kifo na kuacha wategemezi. Hapo sheria imechagua kuilinda familia.

Kwa sababu fidia haitegemei kosa, hakuna sababu ya kuficha ukweli wa ajali. Mwajiri anayetoa taarifa hajiandikii hatia, na gharama za fidia hubebwa na Mfuko aliouchangia. Anayezificha ajali ndiye anayejiweka katika hatari, kwani hubaki na kosa la kutotoa taarifa, na hubaki na mashine ileile iliyojeruhi, ikisubiri mwendeshaji mwingine.

Fidia pia haimwondolei mwajiri wajibu wa usalama. Malipo ya WCF hayazuii OSHA kuchunguza, kuagiza marekebisho au kumshtaki aliyeacha mikanda na visu bila kinga.

Makubaliano ya pembeni

Katika karakana na viwanda vidogo, ajali nyingi huishia kwa mwajiri kulipia bandeji na dawa, kumpa majeruhi nauli ya kurudi kwao na kiasi cha fedha “cha kumshika mkono”. Mfanyakazi aliyepoteza vidole viwili huona ametendewa wema, hasa kama ni kibarua asiye na mkataba wa maandishi. Baada ya miezi michache fedha huisha, mkono haurudi, na muda wa kudai unaendelea kuyoyoma.

Kibarua ni mfanyakazi. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumwondolei mtu haki ya kutambuliwa iwapo kweli alikuwa akifanya kazi chini ya mwajiri na kulipwa ujira. Daftari la mahudhurio, kumbukumbu za malipo kwa simu, kitambulisho cha kazi na ushahidi wa wenzake wa zamu vinaweza kuonyesha uhusiano huo. Vivyo hivyo, mfanyakazi asikate tamaa anapogundua kuwa mwajiri wake hajajisajili WCF. Kosa hilo ni la mwajiri, na sheria inalipa uzito mkubwa: adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 50, kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote kwa pamoja.

Ajira baada ya jeraha

Hofu ya kufukuzwa kazi ndiyo inayowafanya wengi wanyamaze. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema wazi kwamba ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na inakataza ubaguzi kwa msingi huo.

Sheria hiyo pia inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mfanyakazi aambatishe cheti cha daktari. Inafaa kufahamu kwamba malipo haya hayarundikwi: pale mfanyakazi anapostahili malipo ya ugonjwa kutoka katika mfuko au chini ya sheria nyingine, mwajiri halazimiki kulipa mara ya pili kwa kipindi hichohicho.

Ikiwa mfanyakazi hawezi tena kuendesha mashine aliyoizoea, mwajiri anatakiwa kuangalia kwanza kama kazi hiyo inaweza kurekebishwa au kama ipo nyingine inayomfaa. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaweka wajibu mzito zaidi kwa mwajiri pale ulemavu ulipotokana na kazi yenyewe. Mwendeshaji wa msumeno aliyepoteza vidole anaweza kuwa mtunza stoo, mkaguzi wa ubora au mkufunzi wa waendeshaji wapya. Mwajiri anayemwondoa bila kumsikiliza na bila kutafuta njia mbadala anajiweka katika hatari ya kushindwa kwenye shauri.

Anayeachishwa kazi isivyo halali anaweza kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Muda huo ni mfupi, na huhesabiwa hata kama majeruhi bado anauguza kidonda. Anayechelewa hulazimika kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi.

Nyaraka zinazorahisisha madai

Madai hukwama mara nyingi kwa sababu ya karatasi, hata pale ambapo haki yenyewe haina utata. Mfanyakazi au familia yake inashauriwa kukusanya na kutunza nakala za nyaraka zifuatazo:

– taarifa ya ajali iliyotolewa kwa mwajiri, ikiwa na tarehe, saa, mahali na aina ya mashine;

– kumbukumbu za matibabu tangu siku ya kwanza, zikiwemo picha za mionzi na vyeti vya mapumziko;

– mkataba wa ajira au uthibitisho mwingine wa kazi, pamoja na hati za mshahara;

– majina na mawasiliano ya walioshuhudia;

– kitambulisho na taarifa za akaunti ya benki;

– kwa kifo, cheti cha kifo pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya wategemezi.

Mwajiri naye atunze rejesta ya ajali, rekodi za mafunzo, kumbukumbu za matengenezo ya mashine na uthibitisho wa michango ya kila mwezi. Rekodi hizo humlinda pale zinapoonyesha kwamba alitimiza wajibu wake, na huharakisha malipo kwa mfanyakazi wake.

Asiyeridhika na uamuzi wa WCF, kwa mfano kuhusu asilimia ya ulemavu au kukataliwa kwa dai, ana haki ya kuupinga. Sheria imeweka ngazi za mapitio na rufaa, zinazoweza kufika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Pingamizi liandikwe, liambatishwe na ushahidi wa kitabibu, na liwasilishwe ndani ya muda unaotajwa katika barua ya uamuzi.

Kuzuia ajali ya pili

Mwezi Juni 2022, Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika orodha ya haki za msingi kazini, sambamba na haki kama uhuru wa kujiunga na vyama na marufuku ya utumikishwaji wa watoto. Kila tarehe 28 Aprili, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi.

Maadhimisho hayo hupata maana yake kwenye mashine moja moja. Baada ya kila ajali, na kabla ya swichi kuwashwa tena, kila mahali pa kazi pajiulize: mkono ulifikaje pale, kinga ilikuwa wapi, nani aliijua kasoro hiyo kabla, na ni nini kitakachobadilika leo? Mwajiri anayeyajibu maswali hayo kwa maandishi na kuyafanyia kazi huokoa vidole vya mwendeshaji wa zamu inayofuata.

Wananchi wanaohitaji ufafanuzi wanaweza kufika ofisi za WCF na OSHA zilizo karibu nao, ofisi za kazi za mikoa, au kuwasiliana na vyama vyao vya wafanyakazi. Taarifa za ajali na madai ya fidia hupokelewa pia kupitia mfumo wa kielektroniki wa Mfuko. Aliyeumia leo aanze leo: amjulishe mwajiri, atunze karatasi za hospitali, na ahakikishe taarifa imefika WCF ndani ya siku saba.